Wana wa Sesilia wa Bujora

Ukitoka Mwanza mjini kwa barabara ya Musoma, daladala hupita Mabatini na Nyakato, husimama Igoma kushusha watu na magunia yao, kisha huendelea hadi Kisesa, ambako nyumba hupungua na mashamba huanza. Kutoka Kisesa ni mwendo mfupi wa miguu mpaka Bujora. Wageni wengi huja hapa kwa ajili ya Makumbusho ya Wasukuma: ngoma za watemi, viti vya enzi, zana za wahunzi, nyumba ya mganga. Hutazama, hupiga picha, huondoka. Ni wachache wanaoambiwa kwamba kabla Bujora haijawa mahali pa kuhifadhi vitu ilikuwa mahali pa kuwafundisha watu kuimba, na kwamba kazi ya kuimba ndiyo iliyoyazaa makumbusho.

Parokia ya Bujora ilianzishwa mwaka 1952 na Padri David Clement, mzaliwa wa Quebec, Kanada, wa shirika la Wamisionari wa Afrika, wale ambao wazee wa kando ya ziwa waliwaita Mapadri Weupe kwa sababu ya kanzu zao. Wasukuma walimpa jina la Fumbuka, na kwa jina hilo anakumbukwa hadi leo. Clement hakuwa wa kwanza kuhubiri Usukumani, wala hakuwa wa kwanza kufundisha nyimbo. Jambo alilolifanya kwa namna yake ni kukaa chini na waimbaji wa Kisukuma na kuwauliza wao huimba vipi, kabla hajawaambia waimbe nini.

Swali hilo lilikuwa na uzito kuliko linavyoonekana, maana Usukuma ulikuwa na shule zake za kuimba tangu zamani. Mtunzi na kiongozi wa wimbo aliitwa ningi. Ningi hakupewa cheo na mtu: alikipata kwa kuvuta watu. Kijana aliyetaka kuwa ningi alimfuata aliye maarufu, akabeba ngoma zake, akaitikia katika kundi la waitikiaji kwa misimu kadhaa, akajifunza lini kiongozi anarefusha mstari na lini anawaachia wenzake, hadi siku alipothubutu kutoa wimbo wake mwenyewe. Palikuwa na nyimbo za jembe, ambazo ngoma ya bugobogobo ndiyo inayojulikana zaidi, ambapo vijana walilima shamba la mtu mmoja leo na la mwingine kesho huku ngoma ikiwapangia mwendo. Palikuwa na wigashe, uimbaji wa kukaa chini, ambamo vijana wa kiume na wa kike walikaa kwa mistari na kuimba kwa mwili unaoyumba kwa pamoja, pasipo kurukaruka. Anayedhani kwamba kwaya, yaani kundi la watu walioketi au kusimama kwa mpangilio, wenye kiongozi, wenye sauti zinazoshirikiana, ilishuka Mwanza pamoja na meli za wamisionari, hajaiona wigashe.

Na palikuwa na mashindano. Wacheza ngoma wa Kisukuma wamegawanyika tangu karne ya 19 katika pande mbili, Wagika na Wagalu, ambazo asili yake ni upinzani wa waganga wawili mashuhuri, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno, mnamo Juni na Julai, pande hizo hukutana uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja, kila upande na ngoma zake, kila upande na ningi wake. Mshindi ni yule aliyewavuta watazamaji wengi zaidi. Hakuna waamuzi wanaoandika alama kwenye karatasi: watu wakihama kwenda upande wa pili, umeshindwa, na unaona kwa macho yako kwamba umeshindwa. Nimewahi kufikiri kwamba hakuna mtihani wa muziki ulio mkali kuliko huo. Unamlazimisha mwimbaji kijana ajue kwamba kuimba sawasawa peke yake hakutoshi, kwamba lazima kuwe na kitu ndani ya wimbo kinachomfanya mtu aache alichokuwa anakitazama.

Wamisionari walikuta hayo yote yakiendelea. Mapadri Weupe, waliporudi nyuma kutoka Uganda, walijenga misheni Bukumbi, kusini mwa ziwa, mwaka 1883. Waanglikana wa CMS walifika Nassa, upande wa mashariki wa Mwanza, mwishoni mwa miaka hiyo ya 1880, na mwaka 1909 misheni hiyo ikachukuliwa na Africa Inland Mission, ambayo matunda yake ni kanisa la AIC lenye makao makuu Mwanza. Wakatoliki walileta nyimbo za Kilatini na zaburi. Waprotestanti walileta tenzi za sauti nne. Wote wawili walifungua shule, na kila shule ilikuwa na kwaya, kwa kuwa kwaya ilikuwa njia rahisi ya kuwafanya watoto 40 wakumbuke jambo moja.

Sitaki kuwanyima wamisionari haki yao. Walileta kifaa ambacho mpaka leo kinatufaa: solfa. Mwanzilishi wake ni mwanamke, Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, aliyekuwa akitafuta namna ya kuwafundisha watoto kuimba bila kuwatesa na nota za mistari mitano. John Curwen, mchungaji, akaichukua, akaiboresha na kuisambaza kuanzia miaka ya 1840. Uzuri wa solfa ni kwamba haihitaji kinanda. Inahitaji ubao, chaki, na mwalimu anayejua umbali kati ya do na so. Kwa hiyo ilifika mahali ambapo piano isingefika kamwe, ikavuka Afrika nzima katika madaftari ya walimu wa shule za msingi. Mwalimu mmoja wa namna hiyo, Enoch Sontonga, aliyefundisha na kuongoza kwaya katika shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg, mwaka 1897 alitunga wimbo kwa ajili ya wanafunzi wake na kuuandika kwa solfa. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, lahani ya Sontonga ndiyo iliyopandishwa pamoja na bendera, na ndiyo tunayoiimba hadi leo katika wimbo wetu wa taifa. Kila asubuhi mtoto wa shule ya msingi Igoma anaposimama mstarini na kuimba wimbo wa taifa, anaimba kazi ya mwalimu wa kwaya.

Lakini kifaa hicho kilikuja na sharti gumu. Mkristo mpya alitakiwa kuacha ngoma. Katika misheni nyingi, kuonekana kwenye mashindano ya Wagika na Wagalu kulikuwa sababu ya kutengwa, na si bila hoja, maana ushindani ule ulikuwa na dawa zake na viapo vyake. Matokeo yake kwa muziki yalikuwa mabaya. Mtoto aliyekuwa na sikio lililofundishwa na bibi yake, na shamba, na wigashe, aliliacha mlangoni akaingia darasani kama mtu asiyejua kuimba. Kisha akapewa lahani ya Kijerumani au ya Kiingereza iliyotafsiriwa maneno.

Hapo ndipo tatizo la kiufundi lilipojitokeza, na kila mwalimu wa kwaya analijua hata kama hajawahi kulieleza. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tuni nyingi za Ulaya hupenda kuangukia kwenye silabi ya mwisho kwa kishindo. Ukiweka Kiswahili juu ya tuni hizo bila kuzirekebisha, neno Mungu hupigwa uzito kwenye -ngu, neno Bwana kwenye -na, na mwimbaji hutamka lugha yake kama mgeni. Kisukuma kina ugumu zaidi, kwa sababu ni lugha ya toni: sauti ikipanda mahali pa kushuka, maana huyumba. Mtunzi wa Kisukuma hulijua jambo hili bila kufundishwa, lahani yake hufuata njia ambayo maneno yenyewe tayari yanaipita. Tenzi iliyotafsiriwa humlazimisha mtu aimbe kinyume cha kinywa chake. Watu waliziimba hata hivyo, kwa imani, na wengi wakazipenda kwa dhati, mimi nikiwa mmoja wao. Ila kuzipenda hakukuondoa kasoro.

Clement alifika Bujora akiwa na agizo la zamani la shirika lake. Kardinali Lavigerie, aliyelianzisha mwaka 1868, aliwataka wamisionari wake wajifunze lugha ya watu, wale chakula chao na waishi kama wao. Askofu wake wa Mwanza, Joseph Blomjous, Mholanzi, alikuwa mtu aliyependa mambo mapya, ndiye baadaye aliyeanzisha chuo cha Nyegezi ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino. Clement alikuwa na kibali cha kujaribu. Alikusanya kundi la Wasukuma waliojua nyimbo, hadithi, methali na mila, na kundi hilo likaitwa Bana Sesilia, wana wa Sesilia, kwa heshima ya shahidi wa Roma anayeheshimiwa kama msimamizi wa wanamuziki, ambaye sikukuu yake ni tarehe 22 Novemba.

Kazi ya Bana Sesilia ilikuwa na pande mbili zisizoachana. Walitafiti: walikusanya nyimbo za kale, wakaulizana kila wimbo ulitumika lini, uliimbwa na nani, kwa ngoma ipi. Na walitunga: walichukua mitindo hiyo na kuitafutia maneno ya ibada kwa Kisukuma. Walikuwa kamati ya wasomi wa mila na hapohapo walikuwa kwaya. Nadhani hili ndilo wazo bora kabisa lililotoka Bujora, na lingestahili kuigwa na kila kwaya nchini: kwamba watu wanaoimba wawe pia watu wanaochunguza kile wanachokiimba. Katika utafiti huo walijikuta wakishika mikononi vitu vilivyoambatana na nyimbo. Ukiuliza kuhusu wimbo wa kusimika mtemi, utaonyeshwa ngoma yake. Ukiuliza kuhusu wimbo wa mganga, utaonyeshwa kibuyu chake. Vitu vikaongezeka, vikahitaji nyumba.

Kwa kanuni za wakati ule, kazi yao ilikuwa na mipaka. Misa kuu iliimbwa kwa Kilatini, na waraka wa Papa Pius X wa mwaka 1903 kuhusu muziki mtakatifu ulikuwa umeupa uimbaji wa Kigregori nafasi ya juu. Nyimbo za lugha za watu zilipata nafasi pembezoni: katika maandamano, katika ibada za jioni, katika Misa zisizo za kuimbwa. Mlango ulianza kufunguliwa mwaka 1955, Papa Pius XII alipowahimiza wamisionari kutunza vipaji vya muziki vya watu waliowahubiria. Ulifunguka wazi tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotoa hati ya liturujia, ambayo kifungu chake cha 119 kinataka muziki wa mataifa ya misheni upewe heshima yake na nafasi yake katika ibada. Bujora wakati huo ilikuwa imeshafanya kazi hiyo kwa takribani miaka 10.

Haikuwa peke yake. Kamina, kusini mwa Kongo, padri Mfransiskani Guido Haazen alikuwa na kwaya ya wavulana wa shule na walimu wao, na mwaka 1958 wakatoa Missa Luba, wakaenda nayo Ulaya na sahani yake ikasikika dunia nzima. Uganda, Joseph Kyagambiddwa alitunga oratorio ya Mashahidi wa Uganda, iliyoimbwa Roma mwaka 1964 walipotangazwa kuwa watakatifu. Hapa kwetu, padri Stephen Mbunga, mtu wa Peramiho, mwaka 1963 alichapisha kitabu juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, akionyesha kwa hoja za kisheria kwamba Mwafrika hahitaji ruhusa ya pekee ili amwimbie Mungu kwa muziki wake. Kati ya hao wote, Bujora ndiyo iliyojulikana kidogo zaidi nje, na sababu yake naiheshimu: haikulenga sahani wala jukwaa la Roma. Ililenga mkulima wa pamba wa Kisesa na mtoto wake. Kumfundisha mkulima ni kazi ndefu kuliko kurekodi, na haionekani.

Kanisa la Bujora lenyewe lilijengwa la mviringo, kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma, na ndani yake alama za utemi zimepewa maana ya Kikristo. Mwalimu wa kwaya atakwambia faida ya umbo hilo bila kutaja teolojia yoyote. Katika kanisa refu, kwaya hukaa mbele au juu nyuma, na waumini husikiliza. Katika duara, waitikiaji wako kila upande, na kiongozi wa wimbo akitoa mstari, jibu humrudia kutoka pande zote. Wimbo wa kupokezana unataka nafasi ya namna hiyo. Ulizaliwa uwanjani, watu wakiwa wamezunguka.

Halafu pakawa na Bulabo. Sikukuu ya Ekaristi Takatifu huangukia kati ya mwishoni mwa Mei na Juni, wakati uleule Wasukuma wanapomaliza mavuno na kuanza mashindano ya ngoma. Clement na watu wake waliona kalenda mbili zinakutana. Wakafanya maandamano ya Ekaristi yenye maua njiani, na baada ya ibada, uwanja ukaachiwa Wagika na Wagalu. Kilichokuwa sababu ya mtu kutengwa sasa kilikuwa sehemu ya sikukuu ya parokia. Kwa vijana waliokuwa wakijifunza kuimba, maana yake ilikuwa kubwa: hawakulazimika tena kuchagua kati ya kwaya na ngoma. Mtoto angeweza kuitikia Misa asubuhi na mchana akamwangalia ningi mkongwe akiwavuta watu, na kesho yake akaleta mazoezini alichokiona. Bulabo ingali inafanyika kila Juni, na imekuwa kubwa, yenye wageni wa serikali na mabango ya wadhamini. Ningetamani tu ile sehemu ya kuimba isizidiwe na vipaza sauti.

Taifa nalo lilikuwa likielekea huko. Katika hotuba yake ya kuwa Rais wa Jamhuri, tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alitangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akasikitika kwamba wakoloni walitufundisha dansi zao huku wengi wetu hatuzijui ngoma zetu wenyewe. Mwaka uliofuata utemi ulifutwa kisheria. Ngoma za enzi na viti vya watemi vilibaki bila kazi, na vingi vikapata hifadhi Bujora, ambako mwaka 1968 makumbusho yalifunguliwa. Banda la watemi lilijengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Wagika na Wagalu walipewa banda lao, wapinzani chini ya paa moja.

Tangu hapo jina la Bujora likawa jina la makumbusho, na sehemu ya kuimba ikaanza kusahaulika katika maandishi, ingawa haikukoma katika maisha. Iliondoka Bujora ikaenda mitaani. Miaka ya Ujamaa kila shule ya msingi ilikuwa na kwaya yake iliyopokea wageni, ikasifu Azimio la Arusha na kilimo, ikaimba pamoja na ngonjera. Walimu wengi wa kwaya hizo Jumapili walikuwa walimu wa kwaya za kanisa, na daftari la solfa lilikuwa lilelile. Kisha ukaja wakati wa kaseti. Kwaya za Mwanza, AIC Makongoro ikiwa ya mbele kabisa kati yake, zilisikika kwenye redio na kwenye mabasi mpaka Dar es Salaam na Nairobi. Ng'ambo ya ziwa, Ruhija mkoani Kagera, Walutheri walikuwa na shule ya muziki wa kanisa, na mwaka 1981 serikali ikafungua Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Hata hivyo ni wachache wa Igoma au Nyakato waliofika huko. Walio wengi walijifunza kwa mtu, jioni, baada ya kazi.

Igoma yenyewe ilipata nafasi katika historia hii kwa njia ya uchungu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, ikiwa na mamia ya watu waliokuwa wakitoka Bukoba na Kemondo, na waliopatikana bila kutambuliwa na wengine wengi walizikwa Igoma, ambako mnara wa kumbukumbu upo. Kila mwaka watu hukusanyika pale kwa sala. Kazi ya kwaya ya Kiafrika haijulikani vizuri mpaka uione kwenye mazishi. Mtu akifiwa, kwaya haiji kupamba. Inakuja kuushika muda, kuanzia mwili unapotoka hadi udongo unapofunika, ili mfiwa asiachwe na kimya hata dakika moja asipotaka. Mwanafunzi wa kuimba hujifunza hapo jambo ambalo hakuna darasa linaloweza kumfundisha: kuendelea kutoa sauti safi huku koo limekaza, kwa kuwa aliye mbele yake anaihitaji.

Nije sasa kwenye ufundishaji wenyewe, maana kwaya hatimaye ni mwalimu na kundi lake. Mwalimu wa kwaya wa upande huu wa jiji kwa kawaida hana mshahara wa kwaya. Ana kazi nyingine, ni fundi, ni mwalimu wa shule, ni mfanyabiashara wa soko la Igoma. Mazoezi huanza saa 11 jioni, na kwaya iliyo makini ina faini kwa wachelewaji. Ina mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na mfuko wa kusaidiana kwenye misiba na harusi. Kijana wa miaka 15 anayeingia humo hujifunza kusoma taarifa ya fedha kabla hajaajiriwa popote. Mtafiti Mmarekani Gregory Barz, aliyeandika kitabu juu ya kwaya za Tanzania mwaka 2003, aliliona hilo vizuri: kwaya ni jamii nzima iliyo ndani ya jamii.

Wimbo mpya hufundishwa kwa sauti, moja baada ya nyingine. Besi hupewa zao, zikirudiwa hadi zikae. Teno hufuata, halafu alto, kisha sauti ya kwanza, ambao mara nyingi wameshaushika wimbo kwa kuusikia. Mwalimu dhaifu husimama hapo: sauti nne zimekaa, basi wimbo umekwisha. Mwalimu aliyeiva huanza hapo. Huuliza: mstari huu unasema nini? Nani anaongea? Kwa nini mtunzi ameipandisha teno mahali hapa? Huwafanya watoto waseme maneno bila lahani, kwa mazungumzo ya kawaida, wasikie mkazo uko wapi, ndipo warudi kuimba. Dakika tano za kazi hiyo hubadilisha kwaya kuliko saa nzima ya kurudia. Na ni kazi ileile ya Bana Sesilia, ya kumfanya mwimbaji awe mchunguzi wa wimbo wake.

Kwa watoto wadogo, wale wa Utoto Mtakatifu na wa kwaya za shule zinazojiandaa kwa mashindano, njia bora niliyoiona ikifaulu ni kuanza na wimbo wanaoujua tayari: wa kuruka kamba, wa kubembelezea mtoto, wa bibi. Mwalimu huuimba nao, kisha huwaonyesha kwa ishara za mikono kwamba wimbo huohuo una so na mi ndani yake. Mtoto hugundua kwamba alikuwa anaijua solfa bila kuambiwa jina lake. Macho yake hubadilika. Kuanzia siku hiyo hafundishwi tena kitu kigeni, anapewa majina ya vitu vyake. Ukianza upande wa pili, na kipimo cha do mpaka do ubaoni, utapata watoto wanaokariri na wachache wanaosikia.

Nina hofu moja, na nitaisema wazi. Kinanda cha umeme chenye midundo iliyopangwa tayari kimeingia karibu kila kwaya, na kimerahisisha mambo mengi. Kwaya isiyo na mpiga ngoma sasa ina ngoma. Nota husambaa kwa simu, na hazina kama Swahili Music Notes imewapa walimu wa vijijini nyimbo ambazo zamani wangezinakili kwa mkono usiku kucha. Haya ni mema. Lakini mdundo wa kinanda haumsikilizi mwimbaji. Mpiga ngoma wa bugobogobo humtazama anayelima, akichoka hubadilisha, akipamba moto humfuata. Kijana anayejifunza kuimba juu ya mashine hujifunza kumfuata asiyemfuata, na sikio lake huzoea kutojibiwa. Mwalimu anayewajali wanafunzi wake awanyime kinanda walau katika miezi ya kwanza, awape kayamba, makofi na ngoma moja, ili wajifunze kwanza kusikilizana.

Jambo la pili ni urithi wenyewe uko wapi. Mwaka 2010 mtafiti Frank Gunderson alichapisha kitabu kinene cha nyimbo za kazi za Wasukuma: mamia ya nyimbo, kwa Kisukuma na kwa tafsiri ya Kiingereza, pamoja na habari za watunzi wake. Ni kazi kubwa na ya upendo. Imechapishwa Ulaya, na mwalimu wa kwaya wa Igoma hawezi kuinunua wala kuisoma yote. Nyimbo zilizotoka kwenye mashamba ya Magu, Kwimba na Misungwi sasa zinapatikana kwa urahisi zaidi katika maktaba za ng'ambo kuliko kwenye kabati la kwaya iliyoko kilomita chache tu kutoka Bujora.

Kitu cha kufanya kinawezekana. Bujora ina jina na eneo. Nyegezi kuna chuo kikuu. Shule za Nyamagana na Magu zina kwaya zinazoshindana kila mwaka. Kwa kuanzia zingetosha nyimbo 20, za wigashe na za jembe, zilizoandikwa kwa solfa katika kijitabu cha bei ya daftari, maneno ya Kisukuma upande mmoja na Kiswahili upande wa pili. Upande wa Kiswahili usiachwe, maana Igoma ya leo si ya Wasukuma peke yao. Katika kwaya moja ya watoto unamkuta Mkerewe, Mjita, Mkurya, Mhaya na Muha, waliozaliwa mtaa mmoja na wasiojua neno la Kisukuma zaidi ya salamu. Hao nao wafundishwe wigashe, wakae kwa mistari, wajifunze kuitikia. Na mtoto wa Kihaya akikumbuka wimbo wa bibi yake wa Muleba, mwalimu auandike ubaoni kwa solfa, kwaya nzima iujifunze wiki inayofuata.